Babu aondolewe

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika madaktari wawili walioniambia niache chumvi, na kiwanda kilichonifukuza hapa Gikondo leo ni uwanja wa majani. Jumamosi, mvua tangu asubuhi. Nina hasira.

Clémence, mke wa mwanangu, anafundisha hesabu. Yeye na wenzake wawili wanachagua maswali ya mtihani wa takwimu wa shule zote. Ni mara yake ya kwanza. Maswali yake yakipita, watamwita tena. Ofisi yao ya Kacyiru inapakwa rangi, basi wamekuja kukaa sebuleni kwangu. Kwangu! Mimi na Hadija, fundi wa nguo, wakatupeleka barazani nyuma, eti maswali ni siri.

Dirisha wakaliacha wazi. Na hao ndio wasomi.

Shule niliiacha mapema, lakini masikio kama yangu mtaa huu hayako.

Clémence akasoma swali lake. Nyumba iko na watoto wanne, wa miaka tisa, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne, na babu wa themanini na moja. Umri upi unaharibu wastani, uondolewe?

"Babu aende!" mmoja akasema. Wakacheka.

Wajukuu zangu ni wanne.

Nikaingia na viatu vyangu vya matope. "Nyumba hii nani aliijenga? Huo wastani?"

"Papa, ni namba tu," Clémence akasema.

"Namba hiyo inakusikia! Toa hilo swali."

Mkubwa wao, mama mmoja wa miwani, akaniuliza polepole, "Muzehe, umesikia hilo peke yake?"

Clémence alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa kidogo.

Mimi si mtu wa kusikia nusu. "Nimesikia yote!" Nikamtajia la mahindi, la mvua, la kuku wanaotaga.

Mama akafunga kompyuta. Kumbe sheria yao, swali likisikika nje halifai tena. Maswali yote yamekufa, ndiyo maana nayaandika hapa. Wakaondoka bila kumaliza chai. Clémence hawakumwambia kama watamwita tena.

Nilishinda. Sasa mbona nyumba imenyamaza hivi?

Jioni Clémence ameniletea chakula. Bila chumvi.

Siombi radhi. Kukicha nitakuwa hapa hapa, na miaka yangu yote. Asiyeamini kwamba nilisikia yote amuulize Hadija: alikuwa barazani akinipima suruali, na yeye ndiye aliyeniambia, "Mzee, nyamaza, usiingie."