Watu wa Kuletwa

Cheyo, Tabora

Dada yangu mpendwa Advera,

Shikamoo. Naamini miguu imepungua kuvimba, na mpunga wenu huko Lusu umepata maji. Sisi tupo, mama Flavia bado anakohoa, lakini sokoni anakwenda. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningenyamaza.

Habari ya posa ya Flavia unayo. Justus ni kijana mwema, na wazee wake walikuja hapa, wakala, wakacheka nasi. Kisha baba yake mkubwa, mzee Kashindye, akauliza ukoo wetu. Nikamweleza ukweli: babu yetu Mahona aliletwa Tabora na msafara akiwa mtoto, akauzwa kwa tajiri mmoja wa hapa, na mpaka anakufa hakujua kwao ni wapi. Nilisema bila aibu, maana baba alitulea hivyo. Mimi nilikuwa mdogo, lakini wewe unakumbuka alivyocheza siku ya Uhuru, akisema kuanzia leo hakuna bwana wala mtwana.

Mzee Kashindye aliweka kikombe chini, asikiguse tena. Baada ya siku chache mshenga akarudi peke yake, akasema kwa upole kwamba ukoo wao hauoi kwa watu wa kuletwa. Ndipo Flavia akaelewa kwa nini Revocatus, aliyemposa mwanzo, naye miaka ile aliacha kuja bila kusema neno.

Nilikwenda kwa padre. Akasema mbele ya Mungu sote ni sawa, ila hana uwezo wa kuingia kwenye mioyo ya wazee wa watu. Nikaenda ofisi ya kata. Binti wa pale alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Sasa mzee wangu, tumwandikie nani kosa, na kosa gani?" Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeninyang'anya kitu. Justus naye alilia sebuleni kwangu, akaapa atamwoa hata wakimtenga. Mama yake akagoma kula, kijana akalegea.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Wazee wa Justus wamepata njia yao. Ndoa itafungwa baada ya Pasaka, lakini Flavia atatokea Kigwa, nyumbani kwa mwalimu Ngollo, ambaye ukoo wake unajulikana. Wageni wataambiwa ni binti yake. Ngollo ndiye atakayemshika mkono kumwingiza kanisani. Nilikataa, nikapiga meza, nikawafukuza. Jioni Flavia akaja, akapiga magoti, akasema, "Baba, mimi nimechoka kuulizwa. Niache nikaishi kama watu wengine." Hakulia. Angelia, labda ningeshikilia msimamo wangu.

Dada, nimekubali.

Kwa hiyo naomba usije. Najua umeshanunua vitenge, na najua shangazi ndiye mwenye kazi ya kumfunda bibi harusi. Atakayemfunda ni dada yake Ngollo. Mimi na mama yake tumeruhusiwa kuingia kanisani, mradi tukae viti vya nyuma na tusilie.

Msalimie shemeji, na wajukuu wote uwape mkono kwa niaba yangu. Ukinikasirikia ni haki yako, ila usiache kunijibu.

Mdogo wako,
Deus