Mwethya wa Kubomoa

Jumatatu, 2 Februari

Foleni tangu saa mbili. Fomu za basari za shule, barua za kazi, mzee mmoja aliyetaka picha ya kitambulisho akiwa na kofia. Nimemwambia aivue. Anasema bila kofia si yeye. Nimempiga picha hivyo hivyo. Watamrudisha.

Saa nane nimefunga upande wa kompyuta, nikatoa miwani. Jumatatu ni siku ya mwethya. Huku Ukambani kila mtu anaujua: leo tunalima kwa Nduku, wiki ijayo kwa Mutindi, halipwi mtu, mwenye shamba anapika, na anayekwepa anatozwa kuku. Sisi tunaufanya ndani ya gemu. Inaitwa Kilima. Unavaa miwani na unajikuta umesimama juu ya kilima kitupu, unajenga unachotaka kwa mikono. Wachezaji wengine nchini wamejenga magorofa na viwanja vya mpira. Sisi tumejenga kijiji. Mto wa mchanga, mabwawa matatu, matuta ya mtama, kanisa, soko. Tumekiita Ngwatanio.

Tuko kumi na watatu. Miwani ni mbili tu, moja hapa kwenye saiba yangu ya intaneti mjini Wote, nyingine Zombe kwa Kyalo, muuza mbuzi, mtu asiyejua kuongea polepole. Akaunti ni moja, yangu. Hakuna aliyewahi kufikiria kufungua nyingine. Shamba ni moja, akaunti ya pili ingekuwa ya nini?

Mama Mbithe amevaa wa mwisho. Anaongoza kwaya kanisani kwetu. Alikuja mwaka juzi kuchapisha nyimbo akaona wengine wakipapasa hewa, akacheka, akajaribu, akabaki. Ndani ya Kilima amejenga nyumba ya mama yake. Ile ya kweli ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, yeye akiwa msichana. Trekta lilikuja wakiwa shambani. Kila Jumatatu anaongeza kitu kidogo. Leo ameweka msumari ukutani, wa kutundika kibuyu. Nusu saa nzima, msumari.

Nikifunga, barua pepe ikaingia kutoka kwa vijana waliotengeneza Kilima. "Tuna habari njema." Wamenunuliwa na kampuni kubwa ya ng'ambo. Mtu akianza na habari njema, mimi hushika mkoba.

Jumanne, 3 Februari

Grupu ya wachezaji imewaka. Wengine wanashangilia: sasa picha zitakuwa safi, miwani itashuka bei. Wengine wanatukana. Kyalo ametuma sauti kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi, mbuzi wakilia nyuma yake. Nimesikiliza tatu.

Kampuni hiyo nimeipa jina, Ndovu. Inakula kila kitu na haioni ilipokanyaga. Wanasema ndovu wawili wakipigana nyasi huumia. Huyu yuko peke yake na nyasi tayari zimelala.

Vijana wa Kilima siwachukii. Nimejaribu, imekataa. Mmoja wao aliwahi kunipigia mwenyewe kuniuliza maji ya mto wetu tuliyafanyaje yapite chini ya mchanga. Hakuwa ameona mto wa aina hiyo. Leo hapokei simu.

Alhamisi, 5 Februari

Masharti mapya yamekuja. Kurasa arubaini. Nimesoma zote maana kazi yangu ni kuwasomea watu makaratasi.

Kila mchezaji lazima awe na akaunti ya Ndovu, kwa kitambulisho na uso wake. Akaunti inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja itafungwa. Kijiji hakiwezi kunakiliwa kwenda kwingine. Picha yoyote iliyopigwa ndani ya Kilima ni mali ya kampuni. Na kila kijiji kina mwenyewe mmoja, aliyefungua akaunti. Yaani Ngwatanio yote ni yangu. Mabwawa, kanisa, hata ule msumari.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilipoona jina langu limeandikwa "mwenye kijiji", nilifurahi. Kidogo. Halafu nikaona haya.

Jumamosi, 7 Februari

Wameniandikia mimi binafsi. Ndovu amekipenda kijiji. Anataka kukiweka mbele kabisa Kilima mpya itakapofunguliwa, kila mtu duniani akivaa miwani aanzie kwetu, na jina langu juu. Nitie sahihi tu kwamba nilikijenga peke yangu. Mwisho ni tarehe 28.

Nikitia sahihi, ninabaki ndani, wale kumi na wawili wanatolewa. Nisipotia, kijiji kinabaki kwa Ndovu bila jina la mtu na sote tuko nje. Njia zote mbili Ndovu analala kwenye nyumba ya mama yake Mama Mbithe.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani nimekaa nyuma, karibu na mlango. Mhubiri hakusema lolote kunihusu na bado nilihisi ananiangalia. Mama Mbithe alinikamata nje. Anataka kesho nimpishe mapema, ana wazo la mlango wa zizi. Nikasema umeme utakatika kesho. Nimemdanganya mwanakwaya kwenye uwanja wa kanisa.

Jumatatu, 9 Februari

Umeme haukukatika.

Jumanne, 10 Februari

Simu kutoka Nairobi, dada anayemfanyia Ndovu kazi, mwenye sauti ya asali. Anasema nitakuwa uso wa Kilima. Nikamuuliza wale wenzangu je. "Wako huru kujiunga kama wageni." Wageni! Mutindi aliyechimba bwawa la kwanza siku nne mpaka akatapika kwa kizunguzungu cha miwani, aje kwake kama mgeni, apewe kiti.

Nimekata. Lakini barua yao sijaifuta. Ninajijua.

Alhamisi, 12 Februari

Nimefungua ile fomu ya sahihi mara mbili leo. Kwenye grupu mtu ambaye hata simjui ameandika mkataa pema pabaya panamwita. Alikuwa akimjibu mtu mwingine. Nimekasirika kana kwamba ni mimi.

Miaka tisa ninapiga chapa majina ya watu wengine. Si dhambi kutaka kuona langu mara moja.

Jumatatu, 16 Februari

Nimewaambia. Wote. Niliwaita saiba, Kyalo akaja kutoka Zombe na miwani yake imefungwa kwenye sweta. Watu saba ndani, wengine kwenye simu iliyowekwa juu ya printa.

Nilisoma barua yote. Nikasema na tarehe niliyoipata. Halafu Kyalo: "Siku tisa! Ulikuwa unatuuza, Mwikali, na sisi tunakuita sister." Nimelia mbele ya watu, jambo ninalolichukia kuliko njaa.

Mama Mbithe ndiye aliyetoa hukumu. Kuku. Aliyekwepa mwethya anatozwa kuku, hakuna kifungu kingine. Nikatoka nikanunua jogoo sokoni, mwembamba kama mimi, nikampika na muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, huko nyuma, wakala wakinitazama. Kyalo alikula mapaja yote mawili. Baada ya hapo tukaweza kuongea.

Tulijaribu kwanza kuwajibu vizuri. Kwenye fomu yao, sehemu ya jina la mjenzi, nikaandika majina kumi na matatu. Ikakataa, ni marefu. Nikaandika Mwethya. Ikajibu: tafadhali weka jina la mtu halisi. Watu walicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kyalo akasema tukibomoe. Chote. Kilima inakuruhusu kubomoa ulichojenga mpaka mwisho wa mwezi, Ndovu abaki na kilima kitupu kama tulivyokikuta. "Alinunua gemu, hakununua jasho yetu. Akuje achimbe bwawa yake."

Nilimwangalia Mama Mbithe. Sote tulimwangalia. Sisi tunapoteza mchezo, yeye anabomolewa mara ya pili. Nikamwambia, mama, ukisema hapana, hatugusi. Nikaongeza kwamba niko tayari kutia sahihi ili nyumba ibaki imesimama, hata kama ni mimi peke yangu nitakayeingia. Nilimaanisha, na safari hii si kwa sababu ya jina.

Akafunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. "Ile mara ya kwanza walikuja tukiwa shamba," akasema. "Hii mara watanipata nyumbani. Mwikali, nionyeshe kidude ya kubomoa iko wapi."

Jumanne, 17 Februari

Tumeanza. Zamu za nusu saa, Wote na Zombe kwa pamoja. Matuta kwanza. Kubomoa ni kazi kama kujenga: jiwe moja moja, unalishika, unalivuta, linayeyuka. Hakuna kitufe cha kufuta yote. Vijana wa Kilima walilikataa hilo zamani, walitaka mtu afikirie. Leo nimewashukuru.

Mutindi amemaliza bwawa lake mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa. Alipovua miwani alikuwa na jasho mpaka shingoni, akauliza kama kuna chai.

Jumatano, 18 Februari

Onyo limeingia. Wameona akaunti inatumiwa na watu wengi. Itafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Si tarehe 28 tena. Wakifunga kabla hatujamaliza, wanabaki na kilichobaki.

Kuna kanisa, soko, nyumba ishirini na moja. Kyalo amesema hatauza mbuzi kesho. Mimi nimebandika karatasi mlangoni: Saiba Imefungwa, Kuna Mwethya. Wateja wamesoma wakarudi zao bila kuuliza. Mtu wa hapa haulizi.

Kwenye grupu nimeandika tunachofanya. Wengine wametuita wajinga, wenye wivu, washamba. Washamba ni kweli, tuna mashamba. Lakini wenye uwanja wa mpira kule Makindu wameng'oa magoli yao alasiri. Nimeona kilima kitupu palipokuwa na uwanja. Nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyefunga bao la ushindi.

Alhamisi, 19 Februari

Soko limeisha. Kanisa limeisha, kwaya ikiimba hapa nje ya mlango ili aliyevaa miwani apate mdundo. Dada wa sauti ya asali amepiga mara nne. Mara ya tano nikapokea, nikaiweka simu karibu na kwaya. Akasikiliza ubeti mzima kabla ya kukata.

Kidole gumba kimevimba. Nina hasira nzuri, ile inayokuacha ule vizuri.

Ijumaa, 20 Februari

Saa nane na nusu ikabaki nyumba moja.

Kyalo alikuwa ndani upande wa Zombe. Alisema kwenye simu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba amesimama kando ya zizi na haendi karibu. Nikamvika Mama Mbithe miwani. Mikanda inamsumbua kwa sababu ya kilemba, niliikaza taratibu.

Hakuanza na paa. Aliingia ndani kwanza. Tulimwona akiinama mlangoni, hapa katikati ya saiba, kwenye mlango ambao haupo. Akafagia. Nilimkumbusha saa. Akasema anajua saa, ila nyumba haibomolewi ikiwa chafu, mama yake angesema nini. Akafagia mpaka pembeni. Ndipo akaanza: paa, kuta, jiko, kizingiti. Hakuimba. Hakuna aliyeimba.

Saa tisa na dakika hamsini akanyoosha mikono, akapapasa mbele yake, kushoto, kulia. Hakuna kitu. "Nimemaliza mimi mwenyewe," akasema.

Saa kumi kamili miwani ikawa nyeusi.

Jumanne, 3 Machi

Watu wachache leo. Joto. Mvua bado.

Ndovu amefungua Kilima mpya. Wachezaji wanaanzia kwenye ufuo wa bahari usio na mtu. Wameniuliza kwa barua kama kulitokea hitilafu kwenye kijiji changu. Nimejibu kwamba hakuna hitilafu.

Saa nane Mama Mbithe akaja. Nikadhani ni nyimbo. Ameomba karatasi tupu na penseli, akakaa kwenye kompyuta ya mwisho, akaisukuma kibodi kando. Amechora nyumba. Alikosea upande wa jiko, akafuta, akachora tena. Sikumsogelea mpaka aliponiita niione.

Ni nzuri. Nikainua mkono niipeleke kwenye mashine, nimtolee kopi mbili, tatu, ipotee moja ibaki nyingine. Akaniwahi. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia, akanunua biskuti hapo mlangoni, akaenda mazoezi ya kwaya.