Ugonjwa wa Upande wa Baba Yenu

Kitinda mimba wangu,

Huku tu wazima, paa tumeshaziba. Ila kaka yako kinyozi amemkata mteja sikio. Mikono inamcheza kama ya marehemu baba yenu. Nikamfokea mbele ya watu, “Umelewa tena!” Akajibu, “Mama, hata chai sijanywa.”

Daktari kasema ni ugonjwa wa kurithi: protini za ubongoni hazijikunji sawasawa, zinagandamana. Aliposema umetoka kwa baba yenu, nilimshukuru Mungu haukutoka kwetu. Aibu iliyonishika, mwanangu! Kwani nyie ni wa nani?

Hata wewe waweza kuwa nao. Kipimo kipo. Ukitaka, nitakuja twende wote. Usipotaka, sitakuuliza tena.

Ni mimi, mama yenu nyote wawili.