Baba Aber Mbele ya Bodi

Jumatatu, 3 Machi

Maji ya mvua yameingia tena ndani. Nimeyachota kwa karai, nimepika uji, nimemwamsha Aber aende shule. Dukani Kisenyi nimefika nimechelewa. Tajiri amenuna siku nzima, nami nimeuza beringi na fani belti za magari kwa miguu iliyolowa.

Kumekuja barua kutoka ofisi ya wanajeshi waliostaafu. Baba Aber aende Alhamisi mbele ya bodi ya madaktari, wahakikishe kama ulemavu wake bado upo. Bado upo! Alikanyaga bomu huko kaskazini kabla hatujaoana, mguu wa kushoto ukaishia chini ya goti. Wanadhani umechipua tena kama muhogo?

Hata hivyo nimefurahi. Wakimpa daraja la juu atapata mguu mpya na posho ya kila mwezi. Huu wa bandia alio nao umepasuka, ameufunga kwa mpira wa tyubu, na unamchubua. Yeye hasemi. Mimi ndiye ninayefua ile soksi anayovisha kigutu, ninaiona damu.

Jumatano, 5 Machi

Anapiga pasi suruali. Viatu vyote viwili amevipaka rangi, na kile cha mguu wa bandia ndicho kinachong'aa zaidi.

Nimemshauri avae kaptura na achukue magongo, wajionee wenyewe. Amenitazama kana kwamba nimemtuma aende uchi. Eti sajenti haendi mbele ya wakubwa zake hovyo hovyo. Mimi mtu wa Kitale sikuambiwa kwamba nikiolewa na mwanajeshi naolewa na pasi yake pia.

Alhamisi, 6 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, mlango uko wazi, nikaona kila kitu. Aliingia anatembea kama yuko gwaride. Magongo ameniachia mimi. Akapiga saluti. Daktari hata hakuinua kichwa, akamuuliza hali yake.

"Niko muzuri, afande."

Na mguu je? Muzuri, afande. Anatembea? Anatembea, afande. Akapiga saluti nyingine, akageuka, akatoka. Chai ya daktari ilikuwa bado inafuka moshi.

Daraja la chini kabisa. Hakuna mguu, hakuna posho.

Aliyemfuata ni Koplo Musoke, jirani yetu hapa Bwaise. Amekosa vidole viwili vya mguu, viwili tu. Aliingia amebebwa mgongoni na shemeji yake, anaugua kama mtu anayejifungua. Daraja la juu! Walipopita geti alishuka mgongoni akaenda mwenyewe kununua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili. Akatukaribisha, na mume wangu akala naye, wakacheka.

Nyumbani nimemuuliza kwa nini. Amesema afande akikuuliza hali, unajibu muzuri. Ndivyo walivyofundishwa tangu wakiwa makuruti. Aliyelalamika alikimbizwa akiwa amebeba gunia la mchanga. Nikamwambia pale hapakuwa na gunia, palikuwa na daktari.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeandika rufaa mimi mwenyewe, yeye ametia sahihi tu. Wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti amesafiri, na muhuri amesafiri nao. Wanataka picha ndogo nne. Nimepeleka zenye nyuma nyeupe, karani akasema nyekundu. Nimerudi na nyekundu, nikamkuta karani mwingine, akasema nani alikwambia nyekundu.

Nimechoka na ofisi hizi. Nimechoka zaidi na mume wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu wangu anataka mvungu ndio upande juu umfuate.

Jumanne, 25 Machi

Hatusemezani. Nilimwambia kiburi chake kinatuumiza sote. Alitoka akakaa nje na manyunyu yote yale.

Soksi ilikuwa na damu na usaha. Nimeiloweka mara mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Wameita. Rufaa itasikilizwa tarehe kumi na nne. Karani amesema hii ndiyo ya mwisho, bodi ikikataa hapo hakuna tena pa kwenda.

Jumatatu, 14 Aprili

Pasi tena. Rangi ya viatu tena. Nilikuwa nimeshakata tamaa.

Tukiwa ukumbini nikamwona mkuu wa bodi, mama mmoja kanali, mtu mzima, anatoka kwenda kunawa mikono. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimfuata, nikamwamkia, nikamwambia: "Afande, tafadhali usimuulize hali. Atakwambia mzuri. Mwamrishe atoe ripoti."

Alinitazama kidogo, akapita. Nikajua nimeharibu.

Safari hii niliruhusiwa kuingia kwa kuwa nilibeba faili. Baba Aber akapiga saluti yake. Yule mama akafunga karatasi zilizokuwa mbele yake.

"Sajenti. Leta ripoti ya mguu. Yote, bila kuacha kitu. Hiyo ni amri."

Akasimama wima, macho ukutani, akaripoti kama anavyoripoti askari aliyetumwa kupeleleza adui. Vidonda viko viwili. Kimoja kinatoa usaha tangu Krismasi. Usiku halali, anasubiri nisinzie halafu anaketi. Ameanguka chooni, si mara moja.

"Bibi akienda kazi, natoa mguu, natembea na magoti ndani ya nyumba. Bibi hajui, afande. Mwisho wa ripoti."

Nilikuwa nyuma yake na faili langu. Tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Niliona aibu, nikamkasirikia, nikamhurumia, sijui kipi kilitangulia. Akaamriwa avue mguu. Akauvua papo hapo.

Njiani kurudi hakuniangalia. Hajui kwamba ni mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Daraja la juu! Mguu mpya atapimwa mwezi ujao, posho inaanza Julai, na hatatakiwa kwenda tena mbele ya bodi. Nimepiga kigelegele katikati ya duka. Hata tajiri amecheka.

Baba Aber ameisoma barua, ameikunja, ameniambia asante. Basi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imepumzika. Aber ameenda kanisani na jirani.

Nilimkuta Baba Aber ameketi kitandani na ile barua. Akaniomba nimsomee mstari mmoja, ingawa yeye mwenyewe anajua kusoma. Nikasoma. Kwamba ulemavu wake ni wa kudumu, na hafai tena kwa kazi yoyote ya jeshi.

Nikamwambia hilo si jipya, alitoka jeshini zamani.

"Hapana, Mama Aber. Waliniambia nenda nyumbani, pumzika, tutakuita," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja."

Miezi hii yote nilikuwa napigania mstari ule ule. Nikaketi karibu naye. Baadaye nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikachuchumaa mbele yake. Leo ameniachia nimwoshe vidonda.