Chaki Kwenye Baibui Langu

Ibra, Oman

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Nauliza mapema kwa sababu nakujua, utanisimulia maradhi ya mtaa mzima wa Tabora na yako utayasahau. Sisi huku wazima, ila joto limetukaba.

Sasa mama, kaa chini. Nimetia jina langu kugombea kiti cha wilaya yetu barazani, yaani bunge la huku. Ndiyo, mimi! Wanaume tele, mwanamke peke yangu.

Ammi Seif, mdogo wake marehemu baba, akaja juu. "Ya binti, ukoo umeshapata mtu wake. Toa jina, khalas, yaishe, usitutie aibu." Iliniuma, maana ndiye aliyetuleta Oman na kunisomesha. Nikamwambia nitampa jibu kesho, na moyoni nilishaanza kulegea.

Kesho yake nilikuwa nawafundisha wasichana wangu Kiingereza, tukafika kwenye neno candidate, yaani mgombea. Nikawaeleza lilikotoka: kwa Warumi wa kale lilikuwa na maana ya mtu aliyevaa nyeupe. Aliyetaka cheo alivaa joho jeupe, tena akalisugua chaki ling'ae, watu wamwone tangu mbali. Darasa likaangua kicheko: basi wanaume wote wa Oman, na kanzu zao nyeupe, ni wagombea! Mmoja akalitazama baibui langu jeusi, akauliza, "Na wewe, abla, utavaa nini?" Abla ndivyo wanavyotuita walimu wa kike. Nikageukia ubao, nikaendelea kuandika.

Nilipotoka shule nikapita kwa Ammi. Wanawake wa jirani wamejaa ndani, wanangoja kahawa. Ammi akanikuta mlangoni.

"Haya, umeamua? Na jipanguse, umejaa chaki!"

Nikajitazama. Mikono, kifua, mpaka mabegani, chaki ya ubaoni tupu. Nikacheka, mama, nikacheka kwa raha.

"Sijipangusi, Ammi. Na jina sitoi."

Nikaingia. Hapa kikombe cha kwanza hupewa mgeni anayeheshimiwa kuliko wote, na mkewe Ammi ndiye aliyeshika birika. Akawapita wakubwa wote, akanimiminia mimi.

Niombee dua, na unipe radhi yako. Msalimie dada anayekuuguza. Na mjomba Hamisi, fundi wetu wa cherehani, mwambie asihangaike kunishonea nguo nyeupe. Siku ya kura nitakwenda na baibui hili hili, na sitalifua.

Mwanao,
Zuwena