Mtoto Niliyepokezwa Kwenye Soko la Amani

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Zilpah Awuor. Umri: miaka 26. Kazi: kuuza omena (dagaa). Makao: nyuma ya soko jipya la amani, mpakani, Kaunti ya Migori.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sijalewa wala sina wazimu, ingawa kuna askari hapa amecheka.

Mnamo tarehe 14 Machi 2025, mwendo wa saa nne asubuhi, nilikuwa sokoni na binti yangu Joyline, wa miezi mitano. Soko limejengwa na wafadhili wa ng'ambo ili sisi Waluo na jirani zetu Wakuria tuuziane vitu badala ya kuibiana ng'ombe na kuuana. Siku hiyo tulikuwa tunafunga amani kwa desturi ya zamani. Kina mama wanakaa pande mbili za ua wa matawi, wanabadilishana watoto, kila mmoja anamnyonyesha wa mwenzake. Ukishamnyonyesha mtoto wa mtu, huwezi tena kumwaga damu yake. Nilibadilishana na Robi, Mkuria anayenunua omena kwangu. Alinirudishia Joyline akiwa amelala. Nilifurahi sana, sifichi.

Wafadhili walifika tukiwa tumemaliza. Omanga, mratibu wa mradi, akatuomba turudie wapate picha. Dani Nyatichi, bibi yetu anayesimamia desturi hiyo, akakataa.

Alisema, "Hii haifanywi mara mbili. Ya kwanza tumewaita majirani. Ya pili sijui tutamwita nani."

Omanga akasema, "Dani, ni picha tu. Bila picha huu mradi unaishia hapa."

Dani akabeba kiti chake akaenda nyumbani.

Tulirudia, tukiwa tumehamishiwa sehemu nyingine ya ua kwa ajili ya picha. Jua lilikuwa machoni mwangu nikimpitisha Joyline juu ya ua. Mikono iliyompokea ilikuwa baridi, nikadhani Robi ametoka kunawa. Nami nikapewa mtoto. Alikuwa mzito, hakulia, na alinyonya akinitazama bila kupepesa macho. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Tulipoambiwa turudishe watoto, mbele yangu hapakuwa na mtu. Nikamwita Robi. Akaitika kutoka kwenye hema, mtoto wake akiwa mgongoni.

Alisema, "Mimi sikurudi. Nilimsikia yule bibi."

Tulitafuta mpaka mtoni. Upande ule wa ua kulikuwa na matope, na mbele ya mahali pangu hayakuwa yamekanyagwa. Omanga alinionyesha picha kwenye simu ya mgeni mmoja. Mimi ninampitisha Joyline, na ng'ambo ya ua hakuna mtu. 

Afisa wa watoto ametaka nimkabidhi huyu niliye naye apelekwe kwenye makao ya watoto. Nimekataa. Simpendi, na ninamwogopa. Lakini kama aliyemchukua Joyline anaijua desturi, basi anamnyonyesha wangu maadamu mimi ninamnyonyesha wake. Nikiacha, naye ataacha.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, na ni kweli.

(Sahihi) Z. Awuor

Maandishi ya afisa: Nimeyachukua maelezo haya kituoni tarehe 15 Machi 2025 na kumsomea shahidi. Ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mtoto hajaachia titi tangu tulipoanza.
Koplo G. Machuki