Matawi Mkononi mwa Bibi Harusi

Shoga yangu Mwanaisha,

Sikuandikii kwa kulia leo. Nataka unijibu: nani ulimfunza Kipopo?

Lugha ile tuliitunga wenyewe utotoni, pale kwenu Kibokoni. Sentensi zake tukizichora ukutani kwa mkaa: tendo ndilo shina, mtendaji tawi la kulia, mtendwa la kushoto, sifa zao majani. Mamako akitufukuza na ufagio. Ulipokuwa mpambaji ukayahamishia matawi yale kwenye hina, mji mzima ukaona maua. Mimi peke yangu nikisoma, nikichekea kwenye mtandio. Yule bibi harusi wa Mbaraki aliolewa huku kiganja chake kikisema mavyaa wake ana kiburi!

Ukafa. Nikajua na Kipopo kimezikwa, nikalia vilio viwili.

Kumbe! Arusi ya kwanza baada yako, naona matawi. Ya pili, matawi, ila bila miwani sikuweza kuyasoma. Mchoraji ni Salma, mke wa mwanao, aliyechukua bakuli lako la hina hata kaburi halijakauka. Nikamuuliza. "Ni maua tu, Bi Zena," macho kayainamisha. Maua! Nikasema huyu ananisengenya mikononi mwa watu. Nikaacha kukanyaga kwenu. Na wewe nikakununia, naam, maiti nikamnunia. Siri yetu unaigawa kama kahawa ya barazani?

Jana kwenye kupamba kwa bintiye jirani nilikwenda na miwani. Nikaukamata mkono wa bibi harusi mbele za watu, nikausoma. Shina: kungoja. Kulia, Salma. Kushoto, lile duara lenye nukta uliloniandikia mimi tu maisha yako yote. Jani lake: mpweke.

Salma amngoja Zena mpweke. Nikasoma tena, siamini. Ndipo bibi harusi akaninong'oneza: "Salma kaniambia, Bi Zena akiushika mkono wangu, nisiuvute."

Ulizoea kuniambia, "Zena, wewe hata kivuli chako unakitilia shaka." Na yeye ulimwambia hivyo, ukamfunza Kipopo, sivyo? Ulijua kwa mdomo singemwitikia. Ah, Mwanaisha, nakutamani mno.

Lala, mwenzangu, Mola akupanulie huko uliko. Ijumaa nikishakusomea Yasini nitakwenda kwa Salma. Tangu uondoke sijatia hina. Nitakaa mbele yake nikague kila tawi, maana bado simwamini. Lakini mkono nitampa, na sitauvuta.

Zena